Kazi ya kweli haiombi feza mbele

Mesaji inaingia mu telefone mangaribi, saa watu wa nyumba wanakula. Inajitaja kama inatoka ku biro ya wafanyakazi ya kampani moja kubwa ya shaba na kobalti. Juu kuko alama ya kampani na rangi zake. Inasema: "Félicitations, dosie yako imekubaliwa." Kazi inaanza siku ya kwanza, mushahara ni mu dola, na nyumba iko tayari ku kambi. Kitu kimoja tu njo kinabakia: kutuma dola 120 za visite médicale na za bedji, mbele ya kesho saa sita, juu nafasi ni kidogo na watu ni wengi. Chini kuko nambari ya kutumia feza.

Wasomaji wetu wanatuletea mesaji za namna hii na kutuuliza: hii ni kweli? Jibu letu ni moja: hapana. Huzuni yetu ni kwamba wengine wanakuja kuuliza nyuma ya kutuma.

Mama mumoja, bwana yake anafanya kazi ya shimo, alitoa zamu yake yote ya likelemba. Mutoto wake alikuwa amemaliza masomo na alikuwa amekaa miaka mbili bila kazi. Siku ya kwanza, kijana alivaa shati ya kupigwa pasi, akaamka saa kumi na moja ya asubui, akaenda ku mulango wa kampani na karatasi yake mu mukono. Mulinzi alisoma, akatikisa kichwa, akamwambia: "Petit, we njo wa ine leo."

Wa ine, siku moja, ku mulango mumoja. Juu ya ile tunaandika leo.

Kifaransa kinaita ujanja huu hameçonnage, maana yake kuvua na ndoano. Neno linafaa. Ndugu zetu wanaovua ku Lualaba na ku Luapula wanajua kama ndoano haimufuati samaki mu nyumba yake. Samaki mwenyewe njo anafungua kinywa. Mwizi wa imeli hana lazima ya kujua siri za mashini. Anajua tu kitu unachongojea, na pale njo anatia chambo.

Na huku kwetu, watu wanangojea kazi. Babu zetu na baba zetu waliingia ku Union Minière, kisha ku Gécamines. Kazi ilikuwa mushahara, lakini ilikuwa pia nyumba, posho, hospitali na masomo ya watoto. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka mu mupango wa "départs volontaires". Tangu pale, barua ya kampani ikiingia mu nyumba, roho za watu zinaruka. Mwizi anajua ile. Hatumi mesaji juu wewe ni mujinga. Anatuma juu uko na tumaini.

Basi namna gani kumutambua?

Muchimbaji anayepeleka muchanga wake ku depo haangalii uso wa mununuzi. Anaangalia mizani, na anaangalia Metorex inasema nini. Imeli nayo iko na mizani yake: ni adresi. Jina linaloonekana juu si kitu, mutu yeyote anaweza kujiandika jina analopenda. Bonyeza ile jina, adresi itatokea. Soma kile kinachofuata alama ya @. Kampani inayolipa maelfu ya watu iko na adresi yake yenyewe. Kama "direkta" anakuandikia na adresi ya bure ya Gmail ao ya Yahoo, simama pale.

Wengine ni wajanja zaidi. Wanachukua jina la kweli la kampani, wanaongeza kaneno, "recrutement" ao "rdc". Ao wanabadilisha herufi moja: sifuri pahali pa "o", "rn" pahali pa "m". Jicho la haraka halioni. Soma herufi kwa herufi, bila aibu ya kukawia.

Mizani ya pili ni haraka yenyewe. "Mbele ya saa sita." "Leo ni siku ya mwisho." "Usimwambie mutu, nafasi itachukuliwa." Mwizi hataki ulale na ile mesaji, maana ukilala utafikiri, na ukimwonyesha dada yako, atacheka. Kazi ya kweli haikimbii kwa sababu umeuliza.

Mizani ya tatu ni ile anaomba. Hapa hakuna majadiliano. Anayekuita ku kazi hakuombi feza ya kuingia. Na hakuna mutu wa benki, wa M-Pesa, wa Airtel Money ao wa Orange Money mwenye haki ya kukuuliza kode yako ya siri, hata akijua jina lako lote, hata akisema konti yako itafungwa. Ni vilevile na ile nambari ya chifure sita WhatsApp inakutumia: anayekuomba ile anataka kuingia mu WhatsApp yako na kuomba feza ndugu zako kwa jina lako. Maandishi ya buluu ya kubonyeza, usiyabonyeze. Faili inayotaka kuweka programu mu telefone yako, uifute.

Mbele tulikuwa tunasema: angalia makosa ya Kifaransa. Siku hizi ile haitoshi. Mashini zinaandika Kifaransa safi kwa dakika moja, na mwizi anazitumia. Uzuri wa barua hauonyeshi ukweli wake.

Ukiwa na shaka, usipige nambari iliyo mu mesaji, juu mwizi mwenyewe njo atakujibu, na sauti ya upole. Tafuta njia ingine. Enda ku mulango wa kampani uangalie valve. Uliza delegi wa sandika. Uliza jirani anayefanya pale. Teksi ya kwenda kuuliza ni bei kidogo kuliko dola 120.

Na kama umekwisha kutuma? Usilie kwanza, piga simu. Ita kampani ya telefone yako palepale, omba wafunge ile feza. Dakika za kwanza njo za maana: feza ikisha kutoka ku kabine, kuirudisha ni nguvu. Kama ulitoa kode, ibadilishe mbele ya kufanya kitu kingine. Ambia ndugu na marafiki wasitume kitu kwa jina lako. Usifute mesaji. Ile mesaji, nambari na saa ya kutuma feza njo ushahidi wako. Inchi yetu iko na sheria juu ya mambo haya, Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Lakini sheria haiwezi kutembea kama hakuna mutu anayeleta malalamiko.

Na watu hawaleti. Wanaona aibu. Baba anaficha bibi yake, kijana anaficha mama yake, na kesho mwizi anatuma mesaji ileile ku nyumba ya pili. Tunaomba aibu hii itoke. Kati ya 2013 na 2015, mutu mumoja wa Lituania alituma imeli na faktire za uongo ku Google na ku Facebook, akijifanya kuwa kampani inayowauzia vyombo. Walimulipa zaidi ya dola milioni 100. Kisha alikamatwa, na mu 2019 tribinali ya New York ilimuhukumu miaka mitano ya gereza. Kama watu wanaotengeneza mashini zenyewe walimeza ndoano, muchimbaji wa Kolwezi hana sababu ya kuficha uso.

Lakini haifai kuacha muzigo wote ku kichwa ya maskini. Kampani za migodi ziandike ku valve na ku milango yao, mu Kifaransa na mu Swahili, adresi moja tu zinayotumia kuita watu, na ziandike kwa herufi kubwa kama haziombi feza. Kampani za telefone zifunge haraka nambari ambazo watu wanashitaki, bila kumutuma mulalamikaji ku biro tano. Sandika zichukue dakika kumi ku kila mukutano kusoma mesaji za uongo mbele ya watu. Na ninyi vijana munaojua telefone kuliko wazazi wenu, muwe mizani ya nyumba: mama akileta telefone, musimucheke, musome naye.

Mama yule aliturudilia juma lililopita. Likelemba bado anailipa. Lakini karatasi ya uongo hakuichoma. Ameibandika ku ukuta pembeni ya mulango, na ametia ndani ya duara ya wino mwekundu adresi, saa sita, na dola 120. Kila jirani anayeingia anaisoma.