Mfuko wa Mwanafunzi: Simu ya pauni mia tisa

Kila Oktoba chama chetu hupokea wanachama wapya, na kila Oktoba swali la kwanza katika kundi letu la WhatsApp si la ratiba wala la duka linalouza unga wa ugali. Ni hili: "Jamani, simu ya mkataba hapa Uingereza mtu anaipataje?" Mwaka huu watu watano waliuliza katika juma moja. Majibu waliyopewa yalikuwa ya haraka, na mengine yalikuwa ya hatari, kwa hiyo tumeona tulijibu hapa kwa nafasi.

Tuanze na hesabu. Mwenye viza ya mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa aliyetimiza miaka 21, na pauni 10 kwa wa miaka 18 hadi 20. Basi kwa kiwango hicho mkubwa kati yetu, akipata saa zote 20, alipata pauni 244 na senti kidogo kwa wiki. Bado hajalipa chumba, hajapanda basi, hajala. Na ajuaye kazi za nyumba za wazee na za maghala anajua kwamba saa 20 hazipatikani kila wiki. Meneja akipunguza zamu, amepunguza. Huna pa kushtaki.

Sasa ipo simu dukani ya pauni 900. Tuchukue mfano: kampuni inakwambia ulipe pauni 25 kwa mwezi kwa miezi 36, bila riba, na juu yake pauni 20 za muda wa maongezi na intaneti. Jumla ni 45 kwa mwezi, na kwa miaka mitatu ni pauni 1,620. Aliyenunua simu ileile taslimu na kuweka laini ya pauni 8 kwa mwezi atakuwa ametoa 1,188. Tofauti ni pauni 432, na tangazo halikudanganya hata neno moja, maana kwenye simu kweli hakuna riba. Faida imekaa kwenye laini. Halafu mikataba mingi ina kifungu cha kupandisha bei kila mwaka. Tangu Januari 2025 kampuni zinalazimika kulitaja ongezeko hilo kwa pauni na penseni tangu siku ya kutia saini, kwa hiyo limeandikwa. Litafute kabla hujasaini.

Jambo jingine watu hulipita bila kuliona. Shahada ya uzamili hapa ni ya mwaka mmoja kwa wengi wetu. Mkataba ni wa miezi 36. Deni limepewa maisha marefu kuliko viza.

Si ajabu mpya, hii ya maskini kuuziwa ghali. Mwaka 1963 Mmarekani David Caplovitz alichapisha kitabu, The Poor Pay More, kuhusu wakazi wa mitaa ya kipato kidogo ya New York, na jinsi walivyouziwa fanicha na televisheni kwa malipo ya kidogo kidogo kwa bei ambazo tajiri asingezikubali. Hapa Uingereza waliokuwa na duka la BrightHouse mtaani kwao wanaikumbuka biashara hiyo: friji, mashine ya kufulia, televisheni, unalipa kila wiki, na kitu si chako mpaka malipo ya mwisho. Mwaka 2017 mamlaka inayosimamia mwenendo wa kampuni za fedha, FCA, iliifanya BrightHouse kukubali kuwarudishia wateja 249,000 zaidi ya pauni milioni 14.8. Aprili 2019 ikaja kanuni kwamba gharama ya mkopo wa aina hiyo isizidi bei ya kitu chenyewe: televisheni ya pauni 300 isimgharimu mtu zaidi ya 600. Hebu fikirini, mara mbili ya bei ndiyo iliyohesabiwa kuwa nafuu! Machi 2020 kampuni ikafilisika.

Maduka yale yamefungwa, lakini mlango umehamia kwenye simu. Leo ukifika mwisho wa kununua mtandaoni unakutana na kitufe cha kugawa malipo mara kadhaa au kulipa baada ya siku 30: Klarna, Clearpay na wenzao. Wenzetu Waislamu wametuuliza kama hiyo ni halali kwa kuwa haina riba. Sisi si mashehe, hatutoi fatwa. Tunachoweza kusema ni kwamba usome kifungu cha faini ya kuchelewa, kisha ukamuulize anayejua. Kabla ya Julai 2026 mikopo hiyo ya muda mfupi isiyo na riba ilikuwa nje ya usimamizi wa FCA. Kuanzia mwezi huo inaingia ndani, na mkopeshaji anatakiwa kupima kama mteja anaweza kulipa. Kabla ya hapo mpimaji alikuwa wewe mwenyewe, saa sita za usiku, kitandani.

Lakini tukisema ukweli, wengi wanaouliza hawajinunulii wenyewe. Wananunua simu ya kutuma nyumbani. Hapa ndipo pagumu, na ndipo tulipotaka kufika.

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa kueleza yake bila jina. Mdogo wake Mombasa alipata nafasi chuoni, na mama akapiga simu: "Mwanangu, wewe uko Ulaya, ndugu yako aingie chuo na simu ya vifungo?" Dada mtu hakuwa na rekodi ya mikopo nchini hapa, kwani mgeni aliyefika juzi hayumo katika madaftari ya Experian, Equifax wala TransUnion, na kampuni ikamkataa. Ndipo rafiki yake, aliyetangulia kufika kwa miaka minne, akajitolea: "Chukua kwa jina langu, utakuwa unanipa." Pauni 38 kwa mwezi. Simu ikasafiri na shangazi, mdogo akafurahi, mama akaringa kwa majirani. Miezi tisa dada alilipa bila kukosa. Kisha zamu zake kazini zikapungua, akakosa mwezi wa kwanza, akaona haya kusema, akakosa na wa pili. Rafiki hakujua lolote mpaka alipoomba kupanga nyumba na wakala akamkatalia kwa sababu ya deni la simu asiyowahi kuishika.

Tulikaa nao wote wawili. Hakuna aliyekuwa mwizi pale. Kila mmoja alifanya ambalo kwetu tunafundishwa kulifanya: mtoto kumsikiliza mama, rafiki kumbeba rafiki. Ila mkataba unamjua aliyetia saini peke yake. Walipanga kulipa malimbikizo kwa miezi minne, na wamelipa, lakini alama katika rekodi ya rafiki hukaa miaka sita. Kwa hiyo jibu la kundini lililosema "tafuta mtu akuchukulie" tunaliomba radhi kwa waliolisoma, lisirudiwe.

Na je, mama aambiwe nini? Hatuamini katika kusema "sina" mkavu, maana hakuna anayeamini kwamba mtu wa Ulaya hana. Tuliyoyaona yakifaa ni kumtumia mama hesabu yenyewe kwa sauti: kodi ya chumba kiasi hiki, basi kiasi hiki, kinachobaki ni hiki. Mwenzetu huyo alifanya hivyo baadaye. Mama alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa wewe unakula nini?" Maongezi yao yamebadilika tangu siku ile.

Tena kule nyumbani nako mkopo wa simu umefika. M-KOPA ilianza Kenya na umeme wa jua unaolipiwa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na sasa inauza simu kwa mtindo huohuo. Safaricom mwaka 2020 ilitoa Lipa Mdogo Mdogo, simu ya shilingi 20 kwa siku. Usipolipa, simu inajifunga. Baadhi yetu tumeshapata ujumbe wa asubuhi kutoka kwa ndugu: "Simu imejifunga, nitumie kitu." Basi mtu yuko na mkataba wake London na analipia kufuli la Kisumu. Mwenye kukusudia kutuma simu kutoka hapa aulize pia kwanza kanuni za forodha za huko.

Wapenda lugha tuvumiliane kidogo. Kiswahili kinatenganisha kuazima na kukopa: kilichoazimwa hurudi chenyewe, kilichokopwa hurudi kingine cha thamani yake. Kuna arbuni, malipo ya kutanguliza ili muuzaji akuwekee. Kuna mali kauli, bidhaa unayopewa uuze kisha ulete fedha, dhamana yake ikiwa ni neno lako tu. Na kuna daftari la duka la Mangi, ambamo jina la baba liliandikwa na kukatwa kila mwisho wa mwezi. Mangi alikuwa na kipimo chake cha uwezo wa kulipa: alijua mshahara wa baba, alijua nani kalazwa, na akiona deni limekua aliacha kukupa sukari. Ilikuwa aibu, lakini ilikuzuia. Kitufe cha simu hakijui kama umelazwa.

Njia nyingine zipo, na si siri. Maktaba za vyuo vingi huazimisha laptopu bure, kaulize mezani. Simu iliyotumika na kutengenezwa upya, yenye dhamana ya mwaka, huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko mpya. Ukiwa lazima ukope, vyama vya akiba na mikopo, ndugu wa SACCOS zetu, haviruhusiwi Uingereza, Scotland na Wales kutoza zaidi ya asilimia 3 kwa mwezi. Si kidogo, lakini ina kikomo. Kwa ununuzi wa kukodi hadi kumiliki, Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974 inasema ukishalipa theluthi moja, mkopeshaji hawezi kukunyang'anya kitu bila amri ya mahakama. Na aliyekwisha kuzama aende Citizens Advice au StepChange, ambao hawatozi kitu. England na Wales wanaweza kukuombea siku 60 za kupumua ambapo wadai hawakusumbui na riba nyingi husimama.

Neno moja kwa walimu wetu, kwa heshima. Zoezi la mazungumzo la muhula uliopita lilitaka video ya ubora wa juu ipandishwe mtandaoni, na wanachama wawili walitueleza kwamba ndilo lililowasukuma kununua simu mpya kwa mkopo. Hatudhani mwalimu alilikusudia hilo. Rekodi ya sauti ingetosha kupima matamshi, na simu yoyote ingeiweza.

Alhamisi ya pili ya muhula ujao, baada ya somo la jioni, tutabaki darasani kwa saa moja kusoma mikataba pamoja. Leta wako, ficha jina na namba zako kwa karatasi. Tutatafuta mambo matatu: jumla ya fedha mpaka mwisho, tarehe ya mwisho, na faini ya kuchelewa. Wanaojifunza Kiswahili watusaidie kuvitafsiri vifungu. Tumejaribu kimoja wiki iliyopita na bado tunabishana kama "mdhamini" na "mkopaji mwenza" ni mtu mmoja au wawili. Chai na mandazi vitakuwepo, vimelipiwa taslimu.