Wasifu wa Kuombea Kazi
Wasifu wa kuombea kazi, ambao wengi huuita sivii, una lengo moja tu: kumfikisha mwombaji kwenye usaili. Juu huwekwa jina, namba ya simu inayopatikana na baruapepe. Dini, kabila na hali ya ndoa havimsaidii mwajiri, ingawa bado vinajaza nafasi kwenye sivii zilizonakiliwa steshenari kutoka kwa watu wengine. Uzoefu hufuata, ukianza na kazi ya karibuni, na hapa ndipo wengi huharibu. Mtunza stoo wa hospitali anayeandika "nilishughulika na masuala ya stoo" hajasema kitu. Akiandika kwamba alipokea na kutoa dawa kwa leja, akahesabu mali kila mwisho wa mwezi na kutenga dawa zilizokaribia kuisha muda, mwajiri anaiona kazi yenyewe. Aliyemaliza chuo juzi aeleze mafunzo kwa vitendo, kazi ya kujitolea, hata hesabu alizofunga katika duka la familia. Elimu na lugha hazihitaji maelezo marefu. Nchini Tanzania, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huagiza wasifu uwe na anwani, simu na majina ya wadhamini watatu. Kwa mujibu wa matangazo hayo, hati za matokeo ya kidato cha nne na sita hazipokelewi badala ya vyeti, na anayeghushi taarifa huchukuliwa hatua za kisheria. Wadhamini waombwe ridhaa kabla majina yao hayajaandikwa.