Bakanja na Skapulari Yake

Wako watoto wanaodhani kwamba mwenye kumtegemea Mungu hapati taabu. Akisali, homa itatoka; akisali, fimbo itamkosa. Mawazo hayo si ya kweli. Isidore Bakanja hakuwa nayo, naye ni Mwenye Heri tangu mwaka 1994.

Bakanja alikuwa kijana wa Equateur, katika Kongo. Alibatizwa mwaka 1906 huko Mbandaka, kisha akawa boi wa mzungu mmoja wa kampuni. Shingoni alivaa skapulari ya Bikira Maria. Msimamizi wa shamba la Ikili alichukia dini, akamwamuru aivue. Bakanja alikataa. Basi mwaka 1909 akapigwa fimbo ya ngozi ya tembo yenye misumari, zaidi ya mara mia.

Alisali, lakini vidonda havikupona. Vilioza miezi mingi, hata mifupa ikaonekana. Je, Mungu alimsahau? Wagonjwa wengi husema hivyo kitandani, hata watu wazima, wala si ajabu. Siku ya fimbo ni moja tu. Miezi ya kulala na vidonda ni mirefu, na hapo ndipo imani hujaribiwa kabisa. Bakanja hakuacha rozari yake. Mapadri walipomwomba amsamehe yule msimamizi, alijibu kwamba hana hasira naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana.

Alikufa mwezi wa Agosti 1909, skapulari ingali shingoni.