Mgala na Haki Yake

Kila mwalimu wa Kiswahili amepata kusahihisha insha iliyofungwa kwa methali isemayo "Mgala muue na haki umpe". Wanafunzi huipenda kwa ufupi wake na kwa hekima yake: hata yule unayemwona kuwa adui, usimnyime kilicho chake. Ni wachache waulizao Mgala huyo alikuwa nani hasa. Wagala ni jina ambalo watu wa pwani ya kaskazini waliwaita wafugaji wa jamii ya Kioromo, jirani zao wa tangu jadi na mara nyingine mahasimu wao. Waorma wa Mto Tana, walio wazao wa wafugaji hao, hawajiiti hivyo wala hawaridhiki kuitwa hivyo. Hata hivyo, jina hilo liliingia katika madaftari ya serikali ya kikoloni, likaandikwa "Galla" katika safu ya kabila, na huko limebaki. Leo nataka kueleza jinsi jina hilo, pamoja na makosa mengine ya kalamu, linavyowazuia watu wa Garsen na vijiji vya jirani wasipate haki ya wazee wao waliokwenda vitani.

Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye kwao ni upande wa Garsen, aliniletea nakala ya kijitabu cha kuachishwa jeshi cha babu yake. Mzee huyo aliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita keya, akapelekwa Burma, na akarudi kijijini baada ya vita kumalizika mwaka 1945. Hakurudi na nishani yoyote. Alipoziomba uzeeni kwa jina lililo katika kitambulisho chake, alijibiwa na ofisi iliyohusika kwamba hakuna askari mwenye jina hilo. Alifariki dunia huku vijana wakimwona kuwa mzee apendaye kujitukuza kwa hadithi. Kijitabu chenyewe kilichukuliwa na mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Ikasalia nakala hiyo tu. Familia ilipoomba tena kwa kutumia nakala, iliambiwa kwamba jina lililomo halilingani na la kitambulisho cha marehemu, na kwamba kabila pia halilingani. Binti yake, ambaye sasa ni bibi kizee, angali anasubiri.

Msomaji aweza kudhani kwamba hili ni jambo dogo la vipande vya chuma. Yafaa basi aelewe jinsi nishani hizo zilivyotolewa. Askari aliyehudumu Burma kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945 alistahili Nyota ya Burma. Aliyepigana Somalia au Uhabeshi kati ya tarehe 10 Juni 1940 na tarehe 27 Novemba 1941 alistahili Nyota ya Afrika. Aliyetumikia jeshi kwa siku 28 tu, tayari alistahili Nishani ya Vita. Watu wapatao 300,000 wa Afrika Mashariki walivaa sare ya Uingereza katika vita hivyo, na Mto Tana wenyewe uligeuka kuwa mstari wa ulinzi hadi mapema mwaka 1941, majeshi yalipousonga mpaka na kuiteka Kismayu mwezi wa Februari.

Sasa zingatia jambo moja. Nishani ambazo Uingereza ilitoa kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia hazikuchongwa jina la mpewa, tofauti na zile zilizotolewa na Afrika Kusini na Australia. Chuma hakisemi ni cha nani. Jina limo katika karatasi peke yake. Kwa hiyo, ambaye karatasi yake imepotea au imekosewa, hata akiishika nishani mkononi hawezi kuthibitisha kwamba ni yake. Kwa askari wa keya, karatasi ndiyo nishani.

Nani basi aliyeijaza karatasi hiyo? Mara nyingi alikuwa karani aliyetoka mbali, au afisa wa Kiingereza, na lugha iliyowaunganisha na kuruta ilikuwa Kiswahili kilichopunguzwa sarufi, kile kilichoitwa KiKAR. Katika Kiorma mna sauti ambayo siku hizi huandikwa dh, inayotamkwa kwa kuikunja ncha ya ulimi nyuma na kuifyonza pumzi ndani kidogo. Hiyo siyo dh ya neno "dhahabu". Mswahili au Mwingereza akiisikia, sikio lake humwambia kwamba ni d. Hivyo kijana aitwaye Dhadho aweza kuingia jeshini akiwa Dado, akapewa kitambulisho akiwa Dhadho, na mwanawe akaandikishwa shuleni kwa jina la Dadho. Jilo, jina linalopatikana kwa Waorma na kwa Wapokomo vilevile, mara nyingi huandikwa Jillo, na aliyezoea tahajia ya Kiingereza aweza kuliandika Gilo. Hapana aliyedanganya hapo. Kwa mtu wa isimu hayo ni maandishi matatu ya jina moja. Kwa karani wa ofisi ni watu watatu, na wawili kati yao ni walaghai.

Isitoshe, majina yetu hayakupangwa kama ya Waingereza. Mwingereza ana jina la ukoo lisilobadilika kizazi hadi kizazi. Mworma ana jina lake, likifuatwa na la baba, kisha la babu. Karani aliyetaka majina mawili aliyachukua aliyoyasikia kwanza na kuliacha la tatu. Mpokomo wa Ngao aliyeingia jeshini kwa jina la nyumbani kisha akabatizwa, aweza kuonekana katika kitambulisho kwa jina la Biblia. Tukiongeza desturi ya kumwita mjukuu kwa jina la babu, iliyoenea katika pwani yetu, tutaona jinsi mtu na mjukuu wake wanavyoweza kuchanganywa katika faili moja. Kuhusu kabila, hali ni ya aibu zaidi. Aliyeandikwa "Galla" mwaka 1942 hawezi kulingana na fomu ya leo isemayo Orma. Kuitaka familia ithibitishe kwamba mzee wao alikuwa "Galla" ni kuitaka ilipokee tusi kwanza ndipo ipewe haki.

Wapo watakaouliza: kuna faida gani kuzililia nishani za mkoloni? Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China, alipigana Burma katika keya kabla ya kuingia msituni kumpinga mkoloni yuleyule. Kuvaa sare hakukumfanya kibaraka. Aidha, anayepuuza nishani humsaidia mdaiwa. Mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba baada ya vita askari Mwafrika alilipwa kiinua mgongo kidogo kuliko mzungu wa cheo hichohicho, na tofauti yaweza kufika mara tatu. Aliyelipwa pungufu kisha akanyimwa hata ushahidi wa kwamba alikuwepo, amedhulumiwa mara mbili.

Wengine watahofia udanganyifu. Wakisema milango ikifunguliwa kila mtu atadai babu yake alikwenda Burma, ni kweli kwamba waongo hawakosekani. Lakini tutazame walivyofanya wenzetu. Nchini Marekani, tangu mwaka 1946 sheria imeruhusu kuwapo kwa mabaraza ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, ambayo aliyekosewa au warithi wake huweza kuyaendea. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza faili zipatazo milioni 16 hadi 18 za wanajeshi katika ghala la kumbukumbu huko St. Louis. Serikali haikuwaambia maveterani kwamba wameungua pamoja na faili zao. Ilitafuta hati za mishahara na taarifa za kila siku za vikosi, ikaanza kuunganisha upya. Na mwaka 1997 askari saba weusi wa Vita vya Pili walipewa nishani ya juu kabisa ya nchi hiyo, ambayo walikuwa wamenyimwa kwa miaka zaidi ya 50. Ni mmoja tu, Vernon Baker, aliyekuwa hai kuipokea.

Uingereza nayo imekwisha kukiri upande wake. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyosema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, walikufa kwa ajili ya dola hiyo katika Vita vya Kwanza bila majina yao kuwekwa popote, na pengine bila kukumbukwa kabisa. Ukienda Nairobi utaiona sanamu ya askari weusi na mpagazi, yenye maandishi yanayoahidi kwamba afaye vitani watoto wake watalikumbuka jina lake. Juu ya sanamu hiyo hamna jina hata moja.

Kwa maoni yangu, mambo manne hayana budi kufanyika. Kwanza, nambari ya askari iwe ndiyo msingi wa kumtambua, na jina liwe ushahidi wa kuunga mkono, kwa kuwa nambari haina lahaja. Pili, paundwe orodha ya tahajia mbalimbali za majina ya jamii za Tana, na karani asiruhusiwe kulikataa ombi kwa tofauti iliyomo katika orodha hiyo. Tatu, kiapo cha wazee wawili waliomjua askari au kuyasikia maisha yake kutoka kwa rika lake kikubaliwe, hasa pale ambapo karatasi zilipotea kwa mafuriko au ziliungua katika mapigano ya mwaka 2012 yaliyoteketeza nyumba katika delta. Nne, na hili ndilo kubwa, mzigo wa kusahihisha ubebwe na mwenye daftari. Familia isiambiwe iende kubadili jina lake kisheria ili lifanane na kosa la mtu mwingine.

Walimu na wanafunzi wa Garsen, Ngao, Hola na kwingineko, kazi nyingine ni yenu. Maveterani wenyewe karibu wote wamekwisha kututoka. Wanaoyajua majina yao ni wajane na watoto, nao ni wazee. Kila shule na iwe na daftari. Mwanafunzi amwendee bibi yake, amwombe alitamke jina la askari polepole, aliandike jinsi linavyotamkwa, pamoja na la baba, la babu, la ubatizo na la utani. Kama kuna kijitabu, kipigwe picha kabla mto haujafurika tena. Somo la historia na somo la lugha vitakutana hapo, na hamtahitaji kibali cha mtu.

Methali niliyoanza nayo ina sehemu mbili. Ile ya kwanza, ya kumpeleka mtu akakabiliane na mauti, ilitimizwa upesi, na hakuna aliyejali jina lake linaandikwaje. Imebaki ile ya pili.