Nani Kavunja?

Poleni na baridi, na poleni zaidi na ripoti za maabara.

Toleo hili naomba niongelee jambo ambalo wengine wataliona dogo: jinsi tulivyofundishwa kauli ya kutendwa ya Kiingereza katika wakati uliopita, yaani "was broken", "had been broken" na ndugu zake. Mimi ni mtu wa uhandisi, si mwalimu wa lugha. Lakini kauli hiyo nusura initie matatani, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Muhula wangu wa kwanza wa uzamili hapa Uingereza nilikuwa navuta sampuli za chuma kwenye mashine, kupima zinastahimili nguvu kiasi gani. Sampuli moja ikavunjika mapema mno. Nikaandika: "One specimen was broken at the start of the test." Ripoti ikarudi na maneno mawili ya wino mwekundu: "By whom?" Nikaitwa ofisini. Msimamizi alidhani kuna mtu kaivunja kwa uzembe, na mimi namficha. Jamani, nusu saa nzima najieleza, matokeo yangu yote yametiliwa shaka! Kumbe nilichotakiwa kuandika ni "One specimen broke", basi.

Kosa lilianzia wapi? Darasani. Tulifundishwa kugeuza sentensi kama mtu anavyogeuza chapati. Mwalimu anaandika ubaoni "Juma kicked the ball", sisi wote kwa pamoja: "The ball was kicked by Juma." Sentensi ishirini, alama ishirini, kengele imelia. Hakuna aliyetuuliza kwa nini Juma apelekwe nyuma, wala lini atajwe na lini aachwe.

Na jibu tulikuwa nalo tangu utotoni. Mtoto akiangusha glasi hasemi "nimevunja glasi". Anasema, "Mama, glasi imevunjika." Na mama, ambaye hajasoma sarufi yoyote, anauliza papo hapo: "Nani kavunja?" Mama anajua kabisa kwamba "imevunjika" haina mtendaji ndani yake, ila "imevunjwa" lazima iwe na mtu, hata kama hakutajwa. Kiswahili kina milango miwili, kutendwa na kutendeka, na kila mtoto wa kwetu anajua apite upi.

Sasa angalia Kiingereza. Mlango ulifunguka, "the door opened". Mlango ulifunguliwa, "the door was opened". Maji yalimwagika, "the water spilled". Yalimwagwa, "was spilled". Si vitenzi vyote vinavyotii hivi. Kitabu kilichopotea bado ni "was lost". Lakini mwanafunzi akianzia hapo, ana dira.

Nyakati nazo ni hivyo hivyo. Umeme ulizimwa, "the power was switched off". Umeme ulikuwa ukizimwa, "was being switched off". Umeme ulikuwa umezimwa, "had been switched off". Tulikaririshwa fomula hizi kama sala, wakati -li-, -ki- na -me- tunazo mdomoni kila siku. Na kwa mhandisi hii si mchezo. Fundi akisoma kwenye ripoti yako kwamba umeme ulikuwa umezimwa, kumbe ulikuwa ndiyo kwanza unazimwa, atauamini mtambo ambao hakupaswa kuuamini.

Sisemi Kiswahili kinamaliza kila kitu. Kuna mahali kinatuponza. Dada mmoja "aliolewa na Juma", wewe unaandika "she was married by Juma", na Mwingereza anaelewa Juma ndiye kasisi aliyefungisha ndoa! Halafu kuna "nilifiwa na baba", ambayo ukiitafsiri neno kwa neno unapata kichekesho katika jambo la msiba. Lakini hata hapo, mwalimu anayejua lugha zote mbili ataliona shimo mapema na kumwonyesha mwanafunzi. Anayejifanya Kiswahili hakipo atamwacha atumbukie.

Najua watakaopinga. Watasema mwanafunzi aachane na Kiswahili, afikiri kwa Kiingereza. Wengi wetu tuliosoma shule za serikali Tanzania tulipita miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza karibu kila somo likawa Kiingereza. Tulifikiri kwa lugha gani siku ile? Tulikariri tu.

Wengine watasema mambo ya sayansi lazima yawe kutendwa mwanzo mpaka mwisho. Si kweli. Mwaka 1953, Watson na Crick walipotangaza umbo la DNA katika jarida la Nature, neno lao la kwanza lilikuwa "We". Kutendwa si dhambi, lakini iwe na sababu. "Tower Bridge was opened in 1894" ni sentensi safi, maana tunaongelea daraja, aliyelifungua si hoja. Ila ukiandika "the readings were not taken" na asiyechukua vipimo ni wewe, hapo unafanya kama yule mtoto wa glasi. Tofauti ni kwamba msimamizi si mama yako.

Pendekezo langu ni jepesi. Kabla ripoti za muhula huu hazijakusanywa, tukutane Jumamosi moja, wakongwe tulete ripoti zetu za zamani zenye wino mwekundu. Kila penye "was" au "had been" tumuulize mdogo wetu kwa Kiswahili: ilivunjika au ilivunjwa? Nani kavunja? Msomaji anahitaji kumjua? Akijibu hayo, Kiingereza chenyewe kitafuata. Na wale mtakaorudi nyumbani kufundisha, tafadhali, msianze na Juma na mpira wake. Anzeni na mama na glasi.

Mwenye kunipinga anipinge, ukurasa uko wazi.

Nawasilisha.