Shingo yakuuma? Pima mto wako

Familia nyingi mijini zikianza maisha hununua kitanda, kisha godoro, kisha pazia na vitambaa vya makochi. Mto huja mwisho kabisa, na aghalabu huwa ni ule wa bei ya chini uliokuwa ukining'inia mlangoni mwa duka. Ukishaingia nyumbani hukaa humo hata miaka kumi. Wageni wakija kutoka mashambani, mto wenye nafuu hupewa wao na watoto huambiwa wakunje sweta walalie. Wanafunzi wa mabweni nao hali yao ni hiyo hiyo.

Asubuhi, baba akitaka kutazama nyuma inambidi ageuke mwili mzima. Mama anameza tembe za kutuliza maumivu kabla ya chai. Lawama hutupiwa baridi, viti vya matatu, au kazi ya kuinamia kompyuta kutwa. Mto hautajwi.

Shingo ya binadamu ina mifupa 7, nayo imejipinda kidogo kwenda mbele. Juu yake kuna kichwa chenye uzani wa kilo 4 hadi 5, yaani kama pakiti mbili za unga wa ugali. Mchana misuli huubeba mzigo huo. Usiku misuli hulegea, na kazi hiyo huachiwa mto. Ukiwa juu mno, kichwa husukumwa na shingo ikapinda. Ukiwa chini mno, kichwa huinamia upande mwingine. Kaa hivyo saa 7 au 8 kila usiku, na si ajabu ukaamka umekakamaa.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza mto upi ni laini, jiulize wewe hulala vipi. Alalaye ubavu ana nafasi kubwa ya kuziba kati ya sikio na godoro, sawa na upana wa bega lake, na anahitaji mto mnene usiobonyea ovyo. Alalaye chali anataka mto mwembamba zaidi unaojaza kile kishimo cha shingo. Alalaye kifudifudi ndiye mwenye taabu, kwa kuwa shingo yake huwa imesokotwa upande mmoja usiku kucha. Huyu alalie mto mwembamba sana au asilalie wowote, na ikiwezekana ajizoeze kulala ubavu huku amekumbatia mto mwingine. Mume mwenye mabega mapana na mke mwembamba hawana sababu ya kununuliwa mito pacha, hata kama foronya zake zinapendeza.

Kuna njia rahisi ya kujua kimo chako bila kutumia hata senti. Chukua leso au taulo kadhaa, uzikunje na kuzipanga, kisha ulale juu yake kitandani mwako mwenyewe, si sakafuni. Mwambie mwenzako asimame nyuma yako atazame kama uti wa mgongo umenyooka kutoka kiunoni hadi kisogoni. Ongeza mkunjo au upunguze hadi unyooke. Hapo pima kimo kwa rula ya mtoto, uende nacho dukani. Kumbuka kwamba mto hubonyea. Kimo kinachohesabika ni kile kinachobaki kichwa kikiwa juu yake.

Nimetaja kitanda chako mwenyewe kwa sababu godoro laini humeza bega, na mto unaohitajika huwa mfupi zaidi. Ndiyo maana mtu hununua godoro jipya gumu, akatarajia raha, na juma hilo hilo shingo ikaanza kumuuma. Mto wake wa zamani haumtoshi tena.

Sasa tuangalie kilicho ndani. Wenzetu wa Pwani wanaujua mto wa sufi, zile nyuzi nyepesi za mti wa msufi ambazo zamani zilitiwa hata katika maboya ya kujiokolea baharini. Uzuri wake ni kwamba unaweza kufumua mshono, ukatoa konzi mbili au ukaongeza, hadi mto ukukubali. Ubaya wake ni mabonge; hauna budi kuanikwa na kuchambuliwa. Mto wa vipande vya sponji nao hupunguzika vivyo hivyo, na ndio wa bei nafuu. Sponji nzima hushika kimo chake vyema lakini huhifadhi joto, jambo ambalo mkazi wa Mombasa atalitambua usiku wa kwanza. Mto wa nyuzi za polista hufulika kwa urahisi, ila hunywea upesi. Ukunje mara mbili kisha uuachilie. Ukibaki umejikunja, huo umekwisha kazi.

Sitaki kumharibia mtu biashara, lakini mito ya bei kali inayosifiwa kuwa ni tiba haina muujiza wowote. Kama kimo chake si chako, itakuumiza kama ule wa bei rahisi. Wala ulaini si hoja. Wazee wa Kiturkana hulaza kichwa juu ya ekicholong, kigoda cha mti ambacho mchana hukaliwa, na ambacho zamani kililinda pia nywele zilizopakwa udongo zisiharibike. Katika kaburi la Mfalme Tutankhamun, lililogunduliwa Misri mwaka 1922, mlikuwa na vigoda vya kulalia vya namna hiyo hiyo.

Mama mjamzito aliyetimiza juma la 28 hushauriwa alale ubavu, si chali. Mto mmoja kati ya magoti na mwingine chini ya tumbo humsaidia kukaa hivyo. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu ibadilishe foronya kila juma na kuzifua kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, kwa maana wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho huzaana humo.

Mtoto mchanga ndiye asiyehitaji mto kamwe. Seti za watoto madukani huja na kimto kidogo chenye marinda, nacho huvutia, lakini mtoto wa chini ya mwaka 1 akizamisha pua humo huenda asiweze kujinasua. Alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mto wala blanketi zito karibu na uso. Nyanya atasema kichwa kitakuwa bapa. Mjibu kwa heshima kwamba ubapa huo kwa kawaida hupungua mtoto akikua, na kwamba mchana, akiwa macho na akitazamwa, atalazwa kifudifudi acheze.

Mtu mzima akibadilisha mto na maumivu yakaendelea majuma kadhaa, au mkono ukaanza kufa ganzi na kulegea, amwone daktari. Na shingo iliyokakamaa pamoja na homa na maumivu makali ya kichwa, hiyo si kazi ya mto. Yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo.