Hablar Haihitaji Viza ya Kiingereza

Mtu anayekufundisha Kihispania hapa Nairobi kwa Kiingereza, ilhali wewe na yeye mmekulia Kiswahili, anakuzungusha. Anakutoa Rongai kwenda Kitengela kupitia Thika. Utafika, sikatai, lakini utafika umechoka, umelipa nauli mara tatu, na utaapa kwamba Kitengela ni mbali.

Nazungumzia kitenzi. Msamiati nitaugusa baadaye, na matamshi yana mambo yake. Lakini kinachowafukuza watu kwenye Kihispania, kile wanachokitaja wakikuambia "nilijaribu ikanishinda", ni kitenzi na nyakati zake. Na hicho ndicho kitu ambacho kila anayeongea Kiswahili, hata yule wa Sheng ya mtaani asiyekumbuka ngeli moja, amekibeba mfukoni tangu utotoni.

Angalia darasa lenyewe. Wiki ya kwanza ni salamu, kila mtu anafurahia. Wiki ya pili linaletwa jedwali. Juu limeandikwa hablar, kuongea. Chini yake: yo hablo, tú hablas, él habla, nosotros hablamos, vosotros habláis, ellos hablan. Mwalimu anavuta pumzi kama daktari mwenye majibu mabaya ya vipimo, kisha anatangaza kwamba kwa Kihispania, tofauti na Kiingereza, kitenzi hubadilika kulingana na nani anaongea. Darasa zima linaguna. Watu ambao dakika kumi zilizopita, pale kwenye ngazi, walikuwa wakiambiana "nimefika", "mmefika?", "hawajafika", "tungefika mapema kama si mvua", wanaguna ati kitenzi kinabadilika!

Wanaguna kwa sababu wamevua Kiswahili mlangoni kama viatu. Kiingereza kina speak, speak, speak, halafu kwa he na she kinaongeza herufi moja kikachoka. Mtu aliyelelewa na Kiingereza peke yake ana haki ya kuogopa hablar. Hofu hiyo ni yake. Sisi tumeiazima, na tunailipia karo.

Na nikisema karo, najua ninachosema. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili kwa sababu ya pesa, na tangu hapo nakula kwa kuandika: leo maelezo ya magodoro ya mtu, kesho makala kama hii. Kihispania nilikitaka kwa sababu za kawaida: kazi za mtandaoni zinazolipa zaidi ukiwa na lugha ya ziada, mpira, muziki. Nikajisajili darasa la jioni katikati ya mji. Sheria ya kwanza pale ilikuwa: Kiswahili hapana, kitawachanganya.

Jioni moja tulifika he hablado. Dada mmoja anayefanya kazi mapokezi ya hoteli akainua mkono. "Mwalimu, si hiyo ni kama 'nimeongea' tu?" Mwalimu, Mkenya mwenzetu ambaye nje ya mlango ule alikuwa akipiga Kiswahili safi kabisa, akamwambia aache Kiswahili nje, kisha akatumia karibu nusu saa kueleza kwa Kiingereza kitu ambacho dada alikuwa amekimaliza kwa neno moja. He hablado ni nimeongea. Jambo limefanyika, na athari yake bado iko hapa nasi. Wiki mbili baadaye dada hakurudi. Alikuwa sahihi, na aliondoka akiamini hana kichwa cha lugha. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko pesa.

Basi hebu nikupe bure kile tulicholipia.

Shika hablar. Kata -ar, ubaki na habl-, ambayo kwetu ni -ongea. Kiswahili hubandika nafsi mbele ya mzizi, Kihispania huibandika nyuma. Ni kama makanga: kuna matatu anasimama mlango wa mbele, kuna nyingine anasimama wa nyuma, lakini nauli atachukua tu.

Wakati uliopo: hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan. Naongea, unaongea, anaongea, tunaongea, mnaongea, wanaongea. Hiyo yo ya jedwali huihitaji, kama vile husemi "mimi naongea" kila ukifungua mdomo, isipokuwa unataka kusisitiza. Na hiyo habláis weka kando kwanza, kwa sababu ni ya Hispania. Amerika ya Kusini na ya Kati "ninyi" ni ustedes, na wanatumia hablan.

Uliopita, jambo lililokwisha: hablé, hablaste, habló, hablamos, hablasteis, hablaron. Hii ni -li- yetu. Niliongea, uliongea, aliongea.

Uliopita, jambo lililokuwa likiendelea au lililokuwa mazoea: hablaba, hablabas, hablaba, hablábamos, hablabais, hablaban. Nilikuwa nikiongea. Hablaba cuando llegó: nilikuwa nikiongea alipofika. Vitabu vya Kiingereza hutumia kurasa na kurasa kutenganisha hablé na hablaba. Wewe hujawahi kuchanganya "niliongea" na "nilikuwa nikiongea" maishani mwako.

Ujao: hablaré, hablarás, hablará, hablaremos, hablaréis, hablarán. Hapa hata hukati kitu, unaongeza tu mkia kwenye hablar nzima. Nitaongea, utaongea.

Masharti: hablaría, hablarías, hablaría, hablaríamos, hablaríais, hablarían. Ningeongea. Ni -nge- ile ile uliyoitumia ukisema ungekuja ila huna fare.

Sasa ukanushaji, na hapa una ruhusa ya kucheka. Kwetu: siongei, sikuongea, sijaongea, sitaongea, nisingeongea. Kila wakati una hila yake. Kwao: no hablo, no hablé, no he hablado, no hablaré, no hablaría. Unaweka no mbele, unaenda nyumbani. Mtu aliyemudu "sijaongea" akiwa na miaka minne anaambiwaje kwamba Kihispania kina vitenzi vigumu?

Nimeacha tamu mwisho. Kuna umbo la Kihispania linaloitwa subjuntivo ambalo wanafunzi wa Kiingereza huliogopa kama mahakama. Ni umbo la kutaka, kuomba, kushauri. Sikiliza. Unaongea, nataka uongee. Hablas, quiero que hables. Umeona irabu ya mwisho? Kwetu -a imegeuka -e. Kwao -a imegeuka -e. Endelea. Ongea! ni ¡habla! Usiongee! ni ¡no hables! Tuongee ni hablemos. Lugha hizi mbili hazina babu mmoja, ni sadfa tu, na haikamiliki: kwa vitenzi vya -er na -ir mwendo hugeuka, come anakula, que coma ale. Lakini wazo ni lile lile. Ukitoka kwenye kusema kilichopo ukaingia kwenye kusema unachokitaka, irabu inabadilika. Hata kijana wa Sheng anayesema "tuchomoke" badala ya "tunachomoka" ameshafanya subjuntivo, na hakuna aliyemchorea jedwali.

Kiswahili hakikupi kila kitu, na siwezi kukudanganya. Kuna mahali kitakuangusha, nako ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tumezoea hivyo hadi hatusikii. Kihispania kinautumia mkazo kutenganisha nyakati na nafsi. Hablo ni naongea. Habló ni aliongea. Hable ni niongee au aongee. Hablé ni niliongea. Ulimi wetu utazivuta zote kwenye ha-, na utajikuta umesema unaongea leo wakati ulitaka kusema bosi wako aliongea jana. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili angelijua shimo hilo na kukuonya mapema. Anayefundisha kana kwamba umezaliwa Manchester atakutahadharisha mashimo ya watu wa Manchester.

Kuna watakaosema naleta siasa kwenye sarufi. Sarufi ya Kihispania imekuwa siasa tangu siku ya kwanza. Antonio de Nebrija alichapisha sarufi yake ya Kikastilia mwaka 1492, mwaka ule ule Columbus alivuka bahari, na katika dibaji yake kwa Malkia Isabel aliunganisha waziwazi lugha na dola. Kisha mwaka 1847, nchini Chile, Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas, akachapisha sarufi ya lugha hiyo hiyo na kusema kwenye jina la kitabu kwamba ni kwa matumizi ya watu wa Amerika. Bello alikataa kitu kimoja hasa: kuitazama lugha yake kwa miwani ya Kilatini, ati kwa sababu wasomi wote walipitia huko. Akazipa nyakati za vitenzi majina mapya yanayosema kazi yake. Hablaba akaiita copretérito, wakati unaoandamana na jambo lingine lililopita. Hadi leo wanafunzi wa Mexico wanakutana na jina hilo shuleni. Mtu mmoja alisema miwani hii si yangu, akaivua, na anga halikuanguka.

Sisi miwani yetu ni Kiingereza. Tumeivaa hadi tumesahau kwamba tuna macho.

Najua utetezi wao. Wa kwanza: Kiingereza na Kihispania vinashiriki maneno mengi ya Kilatini, kwa hivyo Kiingereza kinasaidia. Kweli, kwa msamiati kinasaidia, kitumie. Lakini usidhani Kiswahili kimekuja mikono mitupu. Meza yetu, tuliyoipata kwa Wareno, kwa Kihispania ni mesa. Mvinyo ni vino. Sukari ni azúcar, kwa sababu sisi na wao tuliipata kwa Waarabu. Na ojalá, neno wanalolitumia kutamani jambo, lina mzizi wa Kiarabu unaomtaja Mungu na mapenzi yake, kama inshallah ya Mombasa. Baada ya ojalá inafuata subjuntivo. Ile ya -e.

Wa pili: vijana wa Nairobi hawajui sarufi ya Kiswahili. Hawajui majina ya sarufi, hayo ni kweli, wengi tuliyaacha kwenye karatasi ya mtihani. Lakini sarufi yenyewe wanayo. Mtu anayekuambia "nitakupigia" ameweka nafsi, wakati na mtendewa ndani ya neno moja, tena bila nia yoyote ya kupiga. Te llamaré, anasema mwongo mwenzake wa Madrid.

Wa tatu, na ndio wa kweli: vitabu havipo. Programu za simu nilizopakua zilinipitisha kwa Kiingereza, na vitabu vilivyo madukani vimeandikwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani. Sawa. Lakini jedwali la hablar lenye safu ya Kiswahili linajaa kwenye karatasi moja. Nimeliandika hapo juu bila digrii. Kwamba kituo kinachotoza ada kila muhula hakijalitengeneza si ukosefu wa vifaa. Ni imani kwamba Kiswahili ni lugha ya kufundishwa tu, kamwe si ya kufundishia. Tunafurahi mtalii akijifunza Kiswahili, tunampigia makofi akisema "jambo". Mkenya akitaka kukitumia kama ngazi ya kupandia lugha nyingine, tunamwambia atachanganyikiwa.

Na Kihispania wala si lugha ya Wazungu peke yao. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968, inakitumia kama lugha rasmi, na wengi wa raia wake ni Wafang, wenye lugha ya Kibantu kama Kiswahili. María Nsué Angüe, Mfang, alichapisha riwaya yake Ekomo kwa Kihispania mwaka 1985. Kitenzi cha Kibantu na kitenzi cha Kihispania vimekaa kwenye kinywa kimoja vizazi na vizazi. Hakuna aliyefariki kwa kuchanganyikiwa.

Kwa hivyo, mwalimu, ukiingia darasani na jedwali lako, chora safu ya pili. Andika nimeongea kando ya he hablado. Andika uongee kando ya hables, upige mstari chini ya hizo e mbili. Wape mkazo dakika zile ulizokuwa ukitumia kueleza kwamba kitenzi hubadilika. Na wewe mwanafunzi, ukikatazwa Kiswahili darasani, andika safu hiyo mwenyewe pembeni ya daftari. Karo ni yako. No hables ni amri tu kama usiongee, na amri ya namna hiyo tumeshaisikia sana.